Redio Tandiko na Gitaa la Chini ya Kitanda

Wanangu mnaotaka utangazaji, mtu wa kwanza kuniita kauboi alikuwa muuza sambusa wa Fordsburg, Johannesburg. Nilikuwa nimesimama dukani kwake na ushungi wangu, naagiza sambusa za wageni wa studio. Aliposikia sauti yangu akaacha koleo ndani ya mafuta.

"Wewe ndiye yule mama wa asubuhi? Wa nyimbo za farasi?"

Nikamwambia ndiye. Akaniangalia kuanzia ushungi hadi viatu.

"Eish," akasema. "Mimi siku zote nilidhani una kofia."

Hata sasa nimestaafu watu bado wananiuliza: ilikuwaje mwanamke wa Kitanga, Mwislamu, mwenye wajukuu, akaja kusimamia redio ya muziki wa kantri Johannesburg? Nawajibu kwamba wa kulaumiwa ni marehemu baba. Alikuwa dereva wa lori kwenye shamba la mkonge, na tulikuwa na redio moja nyumbani, haiguswi ila na yeye. Mtangazaji akiweka kantri, baba alikuwa anaacha tonge hewani. Kiingereza hakujua hata neno. Siku moja mama akamuuliza anasikia nini hasa mle. Baba akafikiri, akasema, "Huyu mtu analia kwa adabu."

Nimesoma mengi kuhusu muziki huu tangu hapo, na sijaona aliyeueleza vizuri zaidi.

Mimi na mume wangu tulikuja Johannesburg kwa biashara ya vitenge. Duka letu lilikuwa katikati ya jiji, na jirani yetu alikuwa fundi redio, Mkongomani wa Lubumbashi, tukimwita Papa Kabongo. Nikiwa nauza, redio yangu inaimba, na mteja akiuliza wimbo unasema nini mimi namweleza: huyu kaachwa na mke, huyu yuko jela, huyu treni imemchukulia mchumba. Papa Kabongo alikuwa anasikia yote kupitia ukuta wa mbao. Yeye na wenzake walipopata leseni ya muda ya kufungua redio ndogo ya mtaa kule Bertrams, akaja kusimama mlangoni kwangu.

"Mama Zuhura, weye unasemaka juu ya nyimbo sawa vile unasemaka juu ya jirani. Kuya kwa redio."

"Papa, mimi sijui mashine hata moja."

"Mashini iko kazi yangu. Kazi yako iko kusema."

Hivyo ndivyo nilivyoingia Redio Tandiko. Tandiko kwa sababu ya farasi, bila shaka, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kupanda farasi. Studio yetu ilikuwa vyumba viwili vya chini katika ghorofa la zamani, na magodoro tuliyafunga ukutani ili sauti isirudi mwangwi. Mkinikuta leo mkaniambia hamwezi kuanza kwa sababu hamna vifaa, nitawaonyesha picha ya yale magodoro.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo nililolipata kwa Papa Kabongo na sikuliona katika kozi yoyote niliyosoma baadaye. Siku ya kwanza nilishika maikrofoni nikaanza: "Wapendwa wasikilizaji wetu wote popote mlipo..." Akanizimia maikrofoni. Akasema, "Wasikilizaji wote hawako. Iko mutu moja. Semesha ule mutu moja." Nikamuuliza yuko wapi. Akaninyooshea kidole dirishani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mlinzi wa geti, redio ndogo imekaa mfukoni mwa shati. Kuanzia siku ile nikawa nazungumza na yule mlinzi peke yake. Akitikisa mguu, naendelea. Mkono ukienda mfukoni kutafuta kitufe, nafunga mdomo na kuweka wimbo. Vijana, mwalimu wa utangazaji kama yule hamtamwona chuoni. Tafuteni mlinzi wenu, awe mtu mnayemwona kwa macho.

La pili ni mpangilio wa nyimbo. Kantri ina misiba mingi. Ukiweka wa mama aliyefariki, ukafuatisha wa talaka, kisha wa mbwa aliyekufa, kabla ya chai ya saa nne mtaa mzima unapangusa macho. Sisi tulikuwa na mtangazaji anaitwa Fidele, Mrundi, baba wa watoto wawili, sauti yake nene na tamu. Kabla ya redio alikuwa analinda magari ya watu wanaokuja kutazama mpira Ellis Park. Jumatatu moja alipata ari, akaweka nyimbo za wafungwa mfululizo. Simu ikalia. Alikuwa dada wa saluni.

"Kaka Fidele, tafadhali. Nina mteja hapa analia, rangi ya nywele inamtiririka hadi kwenye blauzi."

Tangu hapo tukawa na sheria: msiba mmoja, kisha ngoma. Ikibidi misiba miwili, katikati weka tangazo la duka la matairi, mtu apumue.

Papa Kabongo alipochoka mambo ya vikao, wakanipa mimi usimamizi, yeye akabaki na mitambo yake. Kusimamia redio, wanangu, ni kazi ya mama mwenye nyumba. Unajua nani kagombana na nani, nani hajala, koki gani inavuja. Kinachozidi hapo ni kwamba ukikosea, mtaa mzima unasikia papo hapo.

Na ndipo wakaja wageni kutoka mamlaka inayotoa leseni za redio.

Walikuwa wawili, na aliyeongea alikuwa mwanamke, mtaratibu, nywele fupi. Nikawapa chai ya maziwa na sambusa. Akala, akasifu, akafuta vidole, kisha akasema:

"Mama, muziki wenu ni mzuri. Mimi mwenyewe nausikiliza garini. Lakini wote umetoka ng'ambo. Leseni mliyopewa ni ya redio ya mtaa. Sasa niambie, mtaa uko wapi humu ndani?"

Nikamwambia mtaa ndio unaopiga simu.

"Kupiga simu kuomba wimbo wa mtu wa mbali si sawa na mtaa wenyewe kusikika. Muda wenu unakwisha. Kabla hatujaamua kuuongeza, Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitawasikiliza kuanzia mchana. Nataka nimsikie mtu wa Bertrams."

Mnaweza kudhani redio ndogo ikifungwa watu wanahamia nyingine tu. Sivyo. Mtaa wetu ulikuwa na Wazulu, Wakongo, Watanzania, Warundi, Wazimbabwe, na wazee wachache wa Kizungu waliobaki tangu zamani, na kwenye ngazi wengi hawakusalimiana. Sisi tulikuwa na muda wa saa moja kila asubuhi ambapo wote hao walikuwa wanalia na kucheka kwa wimbo uleule. Mahali pengine pa namna hiyo sikupajua.

Nikafanya wanachofanya mameneja: nikatafuta jina kubwa. Nilimpata mwimbaji mmoja wa kantri kutoka Pretoria, ana bendi yake, ana kofia yake. Akakubali kuja kuimba moja kwa moja hewani, nasi tukapewa ukumbi wa kanisa mtaa wa nyuma.

Fidele akakuna kichwa. "Mama, Pretoria na Bertrams si mahali pamoja."

"Najua, Fidele. Lakini atasimama Bertrams akiimba."

"Haya, Mama," akasema, kwa ile sauti ya mtu asiyekubali ila ana heshima.

Nilikuwa na shida nyingine juu ya kichwa, na nasema juu ya kichwa kwa maana yake halisi. Ghorofa ya kwanza, sawasawa juu ya studio, aliishi bibi wa Kiafrikana, mjane, mtaa ukimwita Tannie Hettie, na hilo neno la mbele kwao ni shangazi. Kila asubuhi tukiwa hewani alikuwa anagonga sakafu kwa mpini wa ufagio. Du, du, du. Tunapunguza sauti. Anagonga zaidi. Tunapunguza tena hadi tunanong'ona kama wezi, naye anagonga kama anataka kutoboa dari. Nikaona huyu naye akienda kulalamika kwa wale wa leseni, tumekwisha. Nikapika kaimati, nikaziweka kwenye sahani nzuri, nikapanda ngazi kuomba radhi.

Akafungua mlango, ufagio mkononi. Mwembamba, mrefu, nywele nyeupe amezibana. Tulizungumza Kiingereza, kila mtu na chake.

"Mimi ni wa redio ya chini," nikasema. "Nimekuja kukuomba radhi kwa kelele."

"Kelele gani?"

"Hizi unazotugongea kila asubuhi."

Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Mimi sigongi kwa ajili ya kelele. Nafuata mdundo. Kisha ninyi mnapunguza sauti, sisikii, ndiyo nagonga kwa nguvu mjue nataka muipandishe!"

Wallahi nilikaa chini pale pale. Yeye naye akaanza kucheka, akachukua kaimati moja, akaila amesimama, akachukua ya pili.

Tukaingia ndani. Chumba chake kilikuwa safi sana, na chini ya kitanda niliona ncha ya sanduku jembamba, refu, jeusi. Nikauliza kama mtu anayeuliza habari za watoto. Akasema ni gitaa. Si lile la kukumbatia, ni la kulaza mapajani, unalisugua nyuzi kwa kipande cha chuma hadi sauti iteleze. Mnaijua sauti hiyo hata kama jina hamlijui: ndiyo inayolia nyuma ya nyimbo nyingi za kantri, kama mtu anayetaka kucheka na kwikwi haijamwisha.

"Unalipiga?"

"Nilikuwa nalipiga. Mume wangu Koos akiimba mbele, mimi nyuma namjibu. Kila Jumamosi tulikuwa na dansi, hapa hapa Bertrams. Koos amefariki. Sasa nimjibu nani?"

Nikamwomba aje kwenye tamasha letu apige. Akatikisa kichwa. Nikamwomba tena. Akanirudishia sahani, tupu.

"Nitakuja kusikiliza," akasema. "Na kaimati ulete tena."

Jumamosi ikafika. Ukumbi ukajaa mapema: kina mama wa Kirundi na vitenge vyao, madereva wa teksi, wazee wa Kizungu na viti vyao vya kukunja, Wazimbabwe waliovaa kofia za kauboi kweli kweli, na watoto wanaongea Kizulu hata na mama zao wanaowajibu kwa Kiswahili. Tannie Hettie alikaa mstari wa mbele, amevaa gauni la maua. Papa Kabongo alikuwa amefunga mitambo pembeni, na betri kubwa chini ya meza, maana umeme wa zamu haumjui mwenye tamasha.

Imebaki nusu saa tuingie hewani, simu ikalia. Mwimbaji wetu. Amepata harusi Rustenburg, wenyewe wamemng'ang'ania. Samahani sana, Mama. Wakati mwingine.

Nikamtazama Papa Kabongo, naye alikuwa ameshaelewa kutoka usoni mwangu.

"Bon," akasema. "Mashini iko tayari. Mutu iko wapi?"

Fidele akavua koti. "Mama, niache niimbe mimi."

"Utaimba nini, Fidele?"

"Wa ng'ombe. Nimeutunga mwenyewe, kwa Kirundi."

"Wa ng'ombe?"

"Mama, kantri ni ya wafugaji. Na wafugaji ndio sisi Warundi. Hao wengine wana kofia tu."

Nikacheka, na kicheko kile ndicho kilichonirudishia akili. Nikachukua maikrofoni, nikaingia hewani, nikasema ukweli: mgeni tuliyemwahidi hakuja, lakini tunaye baba mmoja wa hapa hapa mnayemfahamu kwa sauti, leo mtamfahamu kwa wimbo. Mkumbuke hili, wanangu. Mambo yakiharibika hewani, msidanganye. Msikilizaji husamehe kila kitu isipokuwa kufanywa mjinga.

Papa Kabongo akashika gitaa la kawaida. Fidele akafumba macho akaimba habari za ng'ombe wa bibi yake: pembe zake zilivyopinda kama mwezi, namna alivyoitika akiitwa jina, namna walivyomwacha mlimani siku walipokimbia vita, naye akawafuata hadi mtoni akasimama, akawatazama wakivuka. Kina mama wa Kirundi wakaanza kupiga makofi taratibu. Ubeti wa pili haujaisha, Tannie Hettie akainuka akatoka nje.

Nikadhani tumemuudhi, au ukumbi umemkumbusha mengi. Sikuweza kumfuata, nilikuwa hewani.

Fidele akaumaliza, watu wakaomba aurudie. Alipokuwa anaurudia mlango ukafunguka. Wakaingia madereva wawili wa teksi, mmoja amebeba sanduku jeusi, mwingine amekumbatia spika, na nyuma yao Tannie Hettie anawaamuru kwa Kizulu safi wasigonge ukuta. Sikuwa najua kwamba anajua Kizulu. Akakaa kwenye kiti karibu na Fidele, akalaza gitaa mapajani, akachomeka waya.

Na papo hapo umeme ukakatika.

Ukumbi mzima: "Aaah!" Betri ya Papa Kabongo ilibeba mtambo wa kurushia na maikrofoni, lakini spika ya Tannie isingeiweza. Tulikuwa hewani na hakuna anayeimba. Nikaishika maikrofoni, nikatembea katikati ya watu, nikawapelekea. "Sema jina lako na unakaa wapi." Wakasema, mmoja baada ya mwingine, kila mtu kwa lugha yake, huyu na vigelegele, huyu na mluzi, mtoto mmoja akataja namba ya chumba chao na jina la paka. Wakati huo dereva mmoja alikuwa amekimbia nje. Tukasikia injini, teksi ikarudi kinyumenyume hadi dirishani, nyaya zikapitishwa kutoka kwenye betri yake hadi kwenye kifaa cha Papa Kabongo cha kugeuza umeme. Taa nyekundu ya spika ikawaka.

"Sharp!" akapiga kelele dereva kutoka nje, yaani mambo safi.

Fidele akaanza upya. Akaimba mstari mmoja, akanyamaza, na lile gitaa likamjibu.

Sina maneno ya kuwaeleza, na maneno yalikuwa kazi yangu. Yule bibi alimsikiliza Fidele hadi mwisho wa kila mstari, hakumkata, ndipo anajibu, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta maana mikono ilikuwa na kazi. Wazee wa Kizungu wakainuka wakaanza kuzunguka sakafuni wawili wawili, kwa ule mwendo wao wa kuburuza miguu. Mama mmoja wa Kirundi akamshika mkono mzee mmoja, wakazunguka pamoja, hakuna aliyejua hatua za mwenzake, na hawakukanyagana. Nilipogeuka mlangoni nikamwona yule mwanamke wa leseni, viatu mkononi.

"Nilikuwa nasikiliza garini," akaniambia sikioni. "Nikakata kona nikaja."

Leseni tuliongezewa. Tannie Hettie na Fidele wakapewa kipindi chao cha Jumamosi, wakagombana kila wiki kuhusu kasi ya mdundo, na watoto wa mtaa wakaanza kuja kujifunza gitaa. Mimi nilisimamia redio ile miaka mingine mingi, na tulikosea mengine mengi, ila hayo yana siku yake.

Nataka kuwaachia ya jioni ile ile. Baada ya watu kutawanyika nilimsindikiza Tannie Hettie nyumbani. Madereva walitangulia na sanduku. Kwenye ngazi akasimama kupumzika, akanishika bega.

"Yule kijana," akasema, "alikuwa anamwimbia nani? Sijaelewa neno hata moja, lakini nilijua ni mtu aliyempenda na kumpoteza. Mke?"

Nikaona, aa, ukweli ni ukweli.

"Ng'ombe, Tannie. Ng'ombe wa bibi yake."

Akanitazama. Akashika kinywa. Kisha akakaa kwenye ngazi na gauni lake la maua, akacheka hadi madereva wakarudi kutazama kuna nini.

"Nimelia mbele ya Bertrams nzima," akasema akipangusa macho, "kwa ajili ya ng'ombe!" Akavuta pumzi, akaangalia vidole vyake, vilivyokuwa vyekundu kwa nyuzi. "Basi ng'ombe yule alipendwa. Mwambie huyo kijana kesho aje na mwingine."